Mkeka Alioupokea Shemeji

Mtu akifa Sweden, kwanza wanakuletea maneno laini. Mimi niliketishwa kitini na mwanamke mwenye sauti ya chini, akaniwekea kikombe cha chai isiyo na maziwa wala sukari, akaniambia mwanangu Arsène amepata ajali kazini, kule kwenye bohari la Jordbro. Rafu ya mizigo ilimwangukia. Hakuteseka, akasema. Akarudia neno lao hilo, olycka, yaani ajali, mpaka nikaacha kulisikia. Nikamuuliza: ni nani amefanya? Akanitazama kwa huruma, akanishika bega. "Hakuna aliyefanya," akasema. "Ni olycka."

Haya bwana. Kijana wa miaka ishirini na mbili anatoka nyumbani anatafuna mkate, jioni hayupo, na hakuna aliyefanya. Kwetu Uvira hata mbuzi akifa watu huuliza nani alimpa nini. Nilitaka kukasirika. Mimi hasira ninayo, waulize wenzangu wa jikoni kwenye shule ninakopika, waulize majirani wa mtaa wetu wa Hallonbergen, ngazi zote. Siku ile niliitafuta sikuiona. Mtu akikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Mimi nilikufa ganzi mwili mzima, na moyo humo humo.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 2009, theluji imebaki ile chafu ya pembeni mwa barabara. Watu walikuja matangani kama inavyopaswa. Walikuja Wakongomani wa Jakobsberg, wakaja Warundi wa kanisa letu, hata Wakenya ambao Arsène alicheza nao mpira. Vijana walitoa makochi wakayapanga huko balkoni, wakatandika magodoro na mikeka sakafuni, wanaume sebuleni, wanawake chumbani kwangu. Mwenye mkeka alikuja nao. Kwetu anayekuja matangani na mkeka wake hapokelewi hivi hivi: unautoa mikononi mwake kwa mikono miwili, unamwambia karibu, unamtandikia, anakaa. Hilo halifundishwi, mtoto anakua analiona.

Mimi nilikuwa nimelala kati ya wanawake, macho makavu. Waliimba, sikuimba. Waliomba, nikasema amina pale waliposema amina. Mama mmoja, Josiane, alimnong'oneza mwenzake, "Hata chozi moja jamani? Huyu moyo wake ni wa namna gani?" Nilimsikia vizuri sana. Zamani ningemtoa mbio na viazi alivyokuja navyo mkononi. Nilimtazama tu, nikageukia ukuta.

Yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa baadaye. Msemaji wa familia alikuwa Urbain, mdogo wake marehemu mume wangu, mtu mwema mno na mwenye haraka mno. Asubuhi moja ya matanga alifungua mlango apeleke takataka chini. Pale kwenye ngazi, mbele ya mlango wetu, akakuta mtu mkubwa amepiga magoti, amejifunika mkeka kutoka kichwani mpaka chini. Hatikisiki. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa anapita na mbwa wake, akamsalimu yule mkeka "hej", akaendelea na safari yake. Ndivyo walivyo.

Urbain akaona huruma. Alijiambia, maskini, mgeni huyu amekuja na mkeka wake toka alfajiri, amegonga hakusikika, baridi imempata akajifunika. Akaweka takataka chini. Akaupokea mkeka kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kama alivyolelewa. "Karibu, ndugu yangu, karibu, usikae nje." Yule mtu akainua uso, analia. Urbain akamkumbatia, akamwingiza, akamkalisha kati ya wanaume, akampa chai na maandazi. Yule mtu alisema kwa Kiswidi kwamba anatoka kazini kwa Arsène. Kila mmoja akampa pole. Alilia pale muda mrefu, akawashika wote mikono, akaenda. Mkeka akauacha.

Na ulikuwa mkeka! Wanawake waliupapasa wakashangaa. Mwembamba na laini kama kitenge kilichofuliwa mara nyingi, rangi ya maziwa yaliyochemka, na pembeni mwake manyoya mekundu. "Huu umpe mwenye msiba," wakasema, wakautandika chini yangu. Nililalia mkeka huo mpaka tulipozika. Baada ya hapo watoto waling'oa manyoya, sahani ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikapinduka juu yake, mawese yakaingia. Watu walipoondoka niliukunja, nikauweka chini ya kile kichanja cha kuanikia nguo, udondokewe na maji badala ya sakafu.

Nikarudi kazini. Nilimenya karoti za watoto wa watu. Mwanangu wa pili, Elise, ana miaka kumi na sita, nilimsikia akilia bafuni huku bomba limefunguliwa, nami nikasimama nje ya mlango na taulo mkononi nisijue taulo ni ya nini. Nilimpenda mtoto wangu na sikuweza kugonga. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko mengine yote.

Mwezi wa tano akaja mwanamke wa Kiswidi, mwembamba, na mkate aliouoka mwenyewe umefungwa kwa taulo. Jina lake Christina. Alisema ni mke wa Tavita. Nikamuuliza Tavita ni nani. Akashangaa, akadhani Kiswidi changu ndicho kinachokwama, akasema polepole: "Yule mliyemsamehe."

"Tumemsamehe nini?"

Elise alikuwa mezani na vitabu vyake, akaacha kuandika. Christina akakaa bila kukaribishwa. Akaeleza. Mumewe ni mtu wa Samoa, visiwa vya mbali kabisa katika Pasifiki. Jordbro alikuwa anaendesha foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo. Siku ile alirudi nyuma akaigonga rafu, na kando ya rafu alikuwa Arsène. Wachunguzi walikuja, wakasema bolti za rafu zilikuwa zimelegea, wakaandika ajali, mtu yeyote asilaumiwe. Tavita akawaambia ni mimi. Wakamwambia hapana, si wewe, nenda nyumbani upumzike. Akaenda nyumbani, hakulala, hakula. Mwishowe alimpigia mama yake simu huko kwao, na mama akamwambia maneno machache tu: unajua la kufanya.

Kwao jambo hilo linaitwa ifoga. Mtu aliyeua anakwenda nyumbani kwa wafiwa alfajiri, anapiga magoti nje, anajifunika mkeka ulio bora kuliko vitu vyote vya ukoo wake. Kwa kawaida anakwenda na wazee na ndugu zake, ila Tavita huku hana ndugu, alikwenda peke yake, mkewe akimngojea garini. Pale chini ya mkeka anakuwa ameyaweka maisha yake mikononi mwa wenye msiba. Wakitaka wamwache hapo siku nzima. Wakitaka wampige, zamani waliweza hata kumuua. Na wakitaka, wanamfunua. Akishafunuliwa yamekwisha, amesamehewa, mkeka unabaki kwao, na hakuna atakayelifufua tena.

"Mama yake alipiga simu kanisani kwao," Christina akasema, machozi yanamtoka. "Waliimba kwa ajili yenu. Sasa analala. Nimekuja kukushukuru."

Kisha akauona. Alikuwa amegeuka kutafuta leso, akauona mkeka chini ya kichanja, soksi za Elise zinaudondokea. Alifunga mdomo kwa mkono. Baadaye kidogo aliniambia bibi yake Tavita ndiye aliyeufuma, kwa majani ya mkadi yaliyochanwa membamba kama uzi, zaidi ya mwaka mzima, na tangu hapo umepita harusini na mazishini, kutoka mikono ya huyu hadi ya yule, na kila ulipopita heshima yake iliongezeka. Mikeka ya namna hiyo haikaliwi. Hailaliwi. Inakunjuliwa watu waione, inatolewa, inapokelewa. Huo ulikuja Sweden kwa ajili ya harusi yao.

"Hatukujua," nikasema.

Alipotoka nikampigia Urbain. Alikuja mbio, akadhani nimeanguka. Nikamwonyesha mkeka, nikamweleza. Akakaa kitako sakafuni.

"Shemeji," akasema, "mkeka ukiletwa matangani unapokelewa. Ningefanya nini? Nimfukuze mtu analia?"

"Ungeniita."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa sijalala! Nimelala lini mimi tangu siku ile? Urbain, kitu kimoja kilikuwa kimebaki changu. Mtoto si wangu tena. Kazi yake, nguo zake, chumba chake, vyote vimekwenda. Kilibaki hicho, kusamehe au kutosamehe, na wewe umekitoa ukiwa na mfuko wa takataka!"

Elise akasema kwa Kiswidi, "Mamma, låt bli," yaani acha. Sikuacha. Lakini nawaambia ukweli, hata katika kupayuka huko nilikuwa najisikiliza mwenyewe kama mtu anayesikia redio ya jirani. Maneno yalikuwa ya hasira na ndani hapakuwa na moto.

"Mtu mwenyewe mnyonge," Urbain akasema. "Mungu ameshapanga. Maji yakimwagika hayazoleki, shemeji."

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe hukumzaa. Ninaurudisha."

Akasimama wima. Mkeka wa matanga haurudishwi, akaniambia, kwetu ni kuwaombea wenzako kifo. Nikamwambia huu haukuwa mkeka wa matanga, na hilo ndilo kosa lake tangu mwanzo.

Jumamosi niliufunga ndani ya kitenge, nikapanda metro mpaka mjini, nikabadili nikapanda treni ya Jordbro, ambako Christina aliniambia wanakaa. Tavita alifungua mlango mwenyewe. Mkubwa, kichwa changu kinamfikia kifuani, na nywele zimeanza mvi. Aliponitambua, na sijui alinitambuaje, labda kwa uso wa Arsène, akainama.

Kiswidi chake kibovu, changu kibovu, tukakutana hapo katikati. Nikampa kitenge. Nikamwambia: aliyekufunua si mimi. Ni shemeji yangu, alidhani umekuja kukaa matangani. Mimi sijakusamehe. Sijui lolote la kusamehe. Chukua mkeka wako.

Aliufungua. Aliliona doa la mawese, akaona penye manyoya yaliyong'olewa. Nilitegemea akasirike, ningefurahi akikasirika. Aliupitisha mkono mara moja juu ya doa, akaukunja tena taratibu.

"Basi sijasamehewa," akasema.

"Hujasamehewa."

Akaingia ndani. Nilidhani amemaliza nami, nikaanza kugeuka. Akatoka amevaa koti, mkeka kwapani, akafunga mlango. "Twende," akasema.

Tulirudi treni moja, benchi moja. Alikuwa ameuweka mkeka magotini na mikono juu yake, na kila kituo nilijiambia hapa nitamwambia ashuke, arudi kwake, tuachane na mchezo huu. Sikumwambia. Mjini tulibadili, yeye nyuma mimi mbele, kwenye zile ngazi za umeme watu wakatupita. Nilikuwa na hofu ya kufika, na sikuwa nimeogopa kitu kwa muda mrefu.

Kwenye mlango wangu akavua koti, akalikunja, akaliweka pembeni. Akapiga magoti. Akajifunika.

Nikaingia ndani, nikafunga.

Nilisimama jikoni. Nikaosha mchele ambao sikuwa na haja ya kuupika. Nikajiambia, mwache akae, akae mpaka Jumatatu, si ndiyo desturi yake? Nikaenda kwenye kile kitundu cha mlango nikachungulia, nikaona mkeka tu. Nikarudi kwenye mchele. Jua la mwezi wa tano halina haraka ya kuzama huku, lilikuwa limejaa sebule nzima, na mimi nikazunguka humo kama kuku. Elise alirudi kutoka kwa rafiki yake, nikamsikia ngazini akisimama. Aliingia ubavu ubavu.

"Mamma, det sitter en man där ute."

"Najua kuna mtu. Ni mimi nimemleta."

"Magoti yake yatakuwa yanauma," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

Sijui ni kwa nini hilo ndilo lililonipandisha hasira. Magoti yake! Na mwanangu je? Nikafungua mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta, nikampiga. Nilimpiga kwa ngumi juu ya ule mkeka wa bibi yake, mgongoni, begani, kichwani, na mkeka ukimeza kila pigo, hautoi hata sauti. Yeye hakutikisika. "Sema!" nikamwambia. "Wote wamesema hakuna aliyefanya. Sema wewe umefanya nini!"

Sauti ikatoka chini ya mkeka, ya chini, ya kukatika.

"Sikutazama nyuma. Nilikuwa nacheka."

"Ulikuwa unacheka nini?"

"Arsène. Alikuwa anachekesha. Nikageuza kichwa nimwone. Foklifti ikaendelea. Sikuwaambia wao. Waliuliza juu ya bolti tu."

Mlango wa jirani ulifunguka kidogo, ukafungwa. Mkono wangu ulikuwa umebaki juu.

"Alikuwa anachekesha vipi?"

Mkeka ukainama zaidi.

"Nimekuuliza, vipi?"

"Alikuwa anakuiga wewe," akasema. "Mama yake. Kila siku wakati wa kahawa alikuiga, bohari lote tuliyajua maneno kwa moyo. Siku ile aliiga kwa mikono kiunoni."

Nikamwambia aige kama alivyoiga Arsène. Sijui nilisemaje, labda nilipiga kelele, labda ilikuwa pumzi tu. Na pale chini ya mkeka uliofumwa upande mwingine wa dunia, kwa lugha yangu, kwa sauti yangu mwenyewe jinsi mwanangu alivyoichezea, na ule mkato wake wa mwisho wa kunidhihaki, nikasikia:

"Weye Arsène! Unazania miye ni punda yako?"

Nikaung'oa mkeka. Nauapia msalaba, nilijua nitamkuta ni yeye. Niliung'oa kwa mikono yote miwili kama mama anavyomfunua mtoto aliyejificha, na nikamkuta mtu mzima, uso umelowa, ananitazama kwa woga. Kilichotoka kinywani mwangu kilisikika mpaka chini kabisa zinakowekwa baiskeli. Nilimlilia Arsène kwa jina lake pale ngazini, nikakaa chini, Elise akaja akanishika kwa nyuma naye analia, na safari hii hakufungua bomba lolote kujificha. Iliuma. Iliuma kila mahali, na nililia kwa sababu iliuma.

Tavita hakuinuka. Alikuwa anautazama mkeka uliokuwa mapajani mwangu, kisha mimi, hajui kama ameruhusiwa. Nilijipangusa kamasi kwa mkono.

"Rudia," nikamwambia. "Sema tena kama alivyosema."

Akarudia.